Hukwe Zawose: Koo lilisifiwa, vidole gumba vikasahaulika

Na Mwandishi Wetu, Manyoni

MSAFIRI anayetoka Singida mjini kwenda Dodoma kwa barabara, akishaipita Manyoni na kuanza kushuka kuelekea Kintinku, huiona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Uwanda wa Bahi hufunguka upande wa mashariki, mibuyu hujitokeza mmoja mmoja, na salamu kwa wazee wa vituo vya mabasi huwa ni Mbukwenyi. Hapo msafiri huyo amekwisha kuingia Ugogo, ingawa bado yumo ndani ya Mkoa wa Singida.

Mipaka ya mikoa ni jambo la juzi. Hadi mapema miaka ya 1960 Singida, Manyoni, Iramba, Dodoma, Kondoa na Mpwapwa zote zilikuwa chini ya Jimbo la Kati, na Wagogo wa upande huu walipiga zeze na malimba kama ndugu zao wa ng'ambo ya pili ya bonde. Kwa sababu hiyo, linapotajwa jina la marehemu Hukwe Ubi Zawose, aliyezaliwa katika kijiji cha Mkoa wa Dodoma, mtu wa Kintinku au Kilimatinde ana haki ya kusema kwamba huyo naye ni wa kwao.

Zawose alifariki dunia Bagamoyo tarehe 30 Desemba, 2003. Magazeti ya Ulaya yaliandika tanzia ndefu juu yake, heshima ambayo wanamuziki wachache wa Tanzania wamewahi kuipata. Karibu wote walioandika walianza na sauti. Walisimulia jinsi alivyoweza kushuka hadi kwenye mngurumo wa kifua kisha akapaa hadi kwenye sauti nyembamba kama ya filimbi, na ilisemwa kwamba upana wa sauti hiyo ulifikia oktavu tano.

Sifa hiyo ilikuwa haki yake. Hata hivyo, ilifunika jambo jingine lenye thamani ileile. Chini ya sauti ile, katika karibu kila wimbo aliourekodi, kulikuwa na vidole gumba viwili vikifanya kazi bila kupumzika juu ya vijiti vya chuma. Vidole hivyo ndivyo vilivyobeba wimbo, na ndivyo vilivyotajwa mara chache.

Mpenzi wa muziki wa dansi ataelewa kwa mfano wa karibu. Katika bendi, mwimbaji hushangiliwa, mpiga gitaa la solo hutuzwa fedha jukwaani, na mpiga besi husimama nyuma karibu na ngoma bila kuangaliwa na mtu. Lakini akikosea yeye, hata asiyejua muziki huacha kucheza. Zawose alikuwa mwimbaji na mpiga besi katika mwili mmoja, kwa hiyo alijificha nyuma ya sauti yake mwenyewe.

Mtoto wa mfugaji

Alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Ugogo wa siku zile ulikuwa nchi ya uwele, mtama na ng'ombe, na pia nchi ya ukame. Wazee waliomlea walikuwa bado wanaikumbuka Mtunya, njaa kubwa iliyoikumba nchi hiyo kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua chakula, mifugo na watu.

Katika jamii ya namna hiyo muziki haukuwa starehe ya mwisho wa juma. Ulikuwepo jandoni, kwenye mavuno, kwenye kuomba mvua na kwenye pombe ya jioni. Wanawake walikuwa na muheme, ngoma inayopigwa ikiwa imebanwa katikati ya mapaja, na wanaume walikuwa na nyimbo zao za kupokezana kwa sauti mbili, tatu hadi nne.

Mvulana wa Kigogo alijifunza mambo hayo malishoni. Ng'ombe wakitulia, mchungaji alikuwa na siku nzima ya kuimba, kupuliza filimbi na kusikiliza sauti yake ikirudi kutoka milimani. Zawose alilelewa katika mazingira hayo, na kutoka kwa wakubwa wake alijifunza zeze na ilimba, vyombo viwili vilivyomfanya ajulikane duniani.

Mwito wa Mwalimu

Baada ya Uhuru, Serikali ilianzisha mwaka 1962 Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Rais Julius Nyerere aliona kwamba ukoloni ulikuwa umewafanya Waafrika wazionee haya ngoma zao, na alitaka aibu hiyo ifutwe. Wizara mpya ikapewa kazi ya kutafuta yaliyo bora katika mila za makabila yote na kuyafanya kuwa fahari ya nchi.

Zawose alikuwa miongoni mwa waliopatikana katika utafutaji huo. Mwalimu mwenyewe alivutiwa na kipaji chake na kumwalika aje kuishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Kijana wa malishoni akawa msanii wa Taifa, akicheza na wenzake waliotoka kila pembe ya nchi.

Kundi la Ngoma la Taifa lilipovunjwa, mahali pake pakachukuliwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981. Zawose alihamia huko, akafundisha, akajenga makazi, na familia yake kubwa ikakua kandokando ya bahari, mbali sana na mibuyu ya Ugogo. Watoto na wajukuu wake walikulia Pwani, lakini nyumbani waliimba Kigogo.

Kuhama huko kulikuwa na faida na hasara. Faida ilikuwa kwamba alipata muda wa kuwa mwanamuziki na fundi wa vyombo bila kutegemea jembe. Hasara ilikuwa kwamba muziki wake ulitengwa na kazi zake za asili. Wimbo uliokuwa wa kuombea mvua ukawa wa kupokelea wageni uwanja wa ndege, na mtungaji akatarajiwa kuisifu nchi, chama na viongozi. Zawose alizitunga nyimbo hizo kwa moyo, kwa kuwa aliuamini ujamaa na alimheshimu Mwalimu. Lakini mgeni rasmi aliyepita na kupunga mkono hakusimama kusikiliza vidole vinafanya nini.

Chuma, ubao na utando wa buibui

Ili kuifahamu kazi ya Zawose ni lazima kukifahamu chombo chenyewe. Ilimba ni sanduku la mbao, na juu yake vimefungwa vijiti bapa vya chuma. Mara nyingi vijiti hivyo hutokana na misumari au nyaya nene zilizopondwa kwa nyundo. Kijiti kirefu hutoa sauti nzito, kifupi sauti nyembamba. Kulekebisha sauti, fundi hukivuta kijiti mbele au hukisukuma nyuma kwa upana wa unywele.

Wapo wengi barani Afrika wenye vyombo vya jamii hiyo, lakini ilimba ya Wagogo ina mambo mawili ya kuisifu. La kwanza ni vijiti ambavyo havipigwi kabisa. Vimewekwa hapo ili vitetemeke vyenyewe pale vijiti vya jirani vyenye sauti ya jamaa yake vinapoguswa. Mpigaji akipiga noti moja, msikilizaji husikia noti hiyo pamoja na kivuli chake.

La pili ni mvumo. Katika sanduku hutobolewa tundu dogo, na tundu hilo huzibwa kwa utando mwembamba ambao buibui huufunikia mayai yake. Sanduku linapotetemeka, utando nao huvuma. Ndiyo maana mtu anayeisikia ilimba kwa mara ya kwanza kwenye redio hudhani spika imechanika. Kwa sikio la Mgogo, bila mvumo huo chombo hakijakamilika, kama mboga isiyotiwa chumvi.

Mfuatano wa noti pia una siri yake. Mtu akichukua uzi mmoja wa zeze na kuugusa kidogo katika sehemu zake za nne, tano, sita, saba, nane na tisa, bila kuukandamiza, atapata noti ambazo maumbile yenyewe yameziweka ndani ya uzi huo. Wagogo walijenga uimbaji wao juu ya noti hizo. Mojawapo, ile ya saba, haipo kwenye kinanda cha kanisani. Iko chini kidogo ya ile ambayo kinanda hutoa, na ndiyo inayofanya wimbo wa Kigogo uonekane kwa mgeni kama umepotoka, kumbe kilichopotoshwa kwa ajili ya urahisi ni kinanda.

Kutokana na mfuatano huo, sauti ya pili katika wimbo hupatikana kwa njia nyepesi. Mwimbaji wa pili hufuata njia ya wa kwanza, ila huruka noti moja katikati. Matokeo yake ni uwiano mpana, ulio wazi, ambao watafiti wa muziki kutoka Ulaya na kwingineko wamekuja Ugogo kuuchunguza tangu katikati ya karne iliyopita.

Zawose aliyapokea hayo yote kama urithi, kisha akauongeza urithi wenyewe. Alitengeneza malimba makubwa kuliko yale aliyoyakuta, yenye makumi ya vijiti, akiongeza noti nzito chini na noti nyembamba juu. Kwenye zeze nako aliongeza nyuzi. Alihitaji nafasi zaidi kwa sababu alikusudia kufanya peke yake kazi iliyokuwa ya watu kadhaa.

Kazi ya vidole

Msikilizaji anayetaka kumtendea haki marehemu aanze kwa kuisahau sauti kwa muda. Aziache nyimbo zipite bila kufuata maneno, asikilize noti za chini peke yake. Atagundua kwamba kidole gumba kimoja kinashika mzunguko mfupi usiokoma, huku cha pili kikiingiza noti zake katika mapengo. Hakuna kinachopiga wimbo kamili. Wimbo unazaliwa pale viwili hivyo vinapokutana, kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja.

Noti nzito za Zawose hazikukaa pale ambapo msikilizaji aliyezoea dansi angezitarajia. Ziliangukia kabla kidogo au baada kidogo, hata mtu akapoteza mahali mzunguko unapoanzia. Mguu uliokuwa ukigonga sakafu hulazimika kutulia na kuanza upya. Huo haukuwa uzembe, kwani alipoingiza sauti, mstari ulianzia pale pale alipokusudia, na mzunguko wa chini haukuyumba.

Hapo ndipo ulipo ugumu wenyewe. Kuimba kwa mpangilio mmoja na kupiga kwa mpangilio mwingine ni kazi inayowashinda wengi waliosomea muziki. Wapiga besi wanaoimba wanaufahamu mzigo huo, na ni wachache katika bendi yoyote duniani. Zawose aliubeba jioni nzima, na wakati mwingine aliongeza njuga za miguuni, ili mwili wote uwe ngoma.

Jambo jingine ni kiasi. Alikuwa na vijiti vingi lakini hakuvimwaga vyote kwa pamoja ili kuwashangaza watu. Mara nyingi alikaa juu ya noti nne au tano kwa muda mrefu, akibadilisha moja tu, hadi badiliko hilo dogo likawa tukio. Kijana anayepiga haraka ili aonekane hodari ana mengi ya kujifunza hapo.

Kanda zilizotoka ng'ambo

Hadi miaka ya mwanzo ya 1990, redio ya Serikali ndiyo iliyokuwa redio ya Tanzania Bara. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi muziki wa asili kwa wingi, na kwa hilo inastahili shukrani, lakini kanda zake zilikuwa hasa za kutangazia. Msikilizaji wa Manyoni aliyependa wimbo alisubiri bahati ya kuusikia tena.

Kwa hiyo rekodi zilizompa Zawose maisha marefu zilitengenezwa nje. Katikati ya miaka ya 1980 alifika Uingereza na wenzake, wakitambulishwa kama mafundi wakuu wa muziki wa Tanzania, na mwaka 1985 kampuni ndogo ya London iitwayo Triple Earth ikatoa albamu ya Tanzania Yetu. Baadaye ikafuata nyingine iitwayo Mateso. Huko Japani nako, ambako alipendwa sana, ilitoka albamu yenye jina lake, The Art of Hukwe Ubi Zawose.

Zile za Triple Earth zina thamani ya pekee kwa sababu zinaonyesha kundi. Ndani yake husikika malimba zaidi ya moja yakijibizana, zeze likikwaruza katikati, na sauti za wanaume zikijengwa juu kwa kuruka noti, kama ilivyoelezwa hapo awali. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu anayetaka kusikia Ugogo kabla ya mitambo mikubwa ya studio.

Wakati huo ndipo Zawose alipojiunga na matamasha ya WOMAD, yaliyoanzishwa na mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel na wenzake ili kuwakutanisha wasanii wa mataifa mbalimbali. Mwaka 1996 kampuni ya Gabriel, Real World, ilitoa albamu ya Chibite, ambayo Zawose aliifanya pamoja na Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake.

Chibite ndiyo albamu ambayo mpenzi wa vidole hapaswi kuikosa. Wawili hao walikuwa wamepiga pamoja kwa miaka mingi, na haikuwa rahisi kujua ilimba ya mmoja inaishia wapi na ya mwingine inaanzia wapi. Mafundi wa studio hawakuujaza muziki kwa vyombo vingine. Waliweka vipaza sauti karibu na kuwaacha watu wafanye kazi yao, hata mvumo wa utando husikika wazi.

Mwaka 2002 ikatoka Assembly, aliyoshirikiana na Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji kutoka Kanada. Brook alikuwa amekwisha kufanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan, mwimbaji mkubwa wa qawwali wa Pakistani, na ndiye aliyebuni gitaa la umeme linaloweza kushikilia noti bila kikomo, ambalo mpiga gitaa wa bendi ya U2 ya Ireland alilitumia katika miaka ya 1980.

Wapo waliosema kwamba katika Assembly mitambo ilimfunika mzee. Hoja yao ina uzito, kwani zipo sehemu ambapo msikilizaji anatamani gitaa linyamaze. Lakini albamu hiyo ilithibitisha jambo moja. Brook alipotaka msingi wa kujengea nyimbo zake, hakuutafuta kwenye gitaa la besi wala kwenye kompyuta pekee. Aliukuta tayari katika vidole gumba vya mzee wa Kigogo, na vingine vyote vikaegemea hapo.

Mwishoni mwa mwaka huo huo Hukwe na Charles walizunguka Amerika ya Kaskazini pamoja na Peter Gabriel, wakitangulia jukwaani katika kumbi kubwa zilizojaa watu waliokuja kumwona mwingine. Watu wawili na masanduku yao ya mbao walikabidhiwa maelfu ya wasikilizaji wasiojua neno moja la Kigogo. Baadaye jioni Gabriel aliwaita tena wapande jukwaani kuimba naye.

Kati ya heshima na pambo

Ni vigumu kuepuka swali linalofuata. Imekuwaje mtu aliyefika mbali hivyo asijulikane vya kutosha katika nchi yake, hata katika wilaya zinazoimba kama yeye?

Sehemu ya jibu ni soko. Albamu zake ziliuzwa ughaibuni kwa bei ya ughaibuni, na maduka ya kanda ya Dodoma na Singida yaliuza dansi, taarabu, kwaya na baadaye Bongo Fleva. Sehemu nyingine ni jina. Nje aliwekwa kwenye kapu liitwalo muziki wa dunia, na nyumbani kwenye kapu liitwalo ngoma za asili. Makapu yote mawili huwafanya watu waone mavazi kabla ya kusikia noti.

Kwa wapiga gitaa kama Mbaraka Mwinshehe, mashabiki wa Tanzania wanaweza kubishana usiku kucha juu ya mtindo wa vidole, ni wimbo gani alipiga vizuri zaidi na katika mwaka gani. Zawose hakupewa heshima hiyo ya kubishaniwa. Aliitwa hazina ya Taifa, na hazina kwa kawaida hufungiwa kabatini.

Baada ya mwaka 2003

Kifo chake kilikuja mwaka mmoja tu baada ya safari ile ya Amerika, akiwa na umri wa miaka sitini na kitu. Pigo likafuatwa na jingine. Mwaka 2004 Charles naye alifariki dunia, na ilimba iliyokuwa ikijibizana na ya mzee ikanyamaza. Kwa muda mfupi Tanzania ilikuwa imewapoteza mafundi wawili waliojuana kwa vidole.

Lakini mti haukukauka. Mwanawe, Msafiri Zawose, aliendelea kupiga malimba na zeze, na mwaka 2017 alitoa albamu ya Uhamiaji kupitia kampuni ya Soundway ya Uingereza, akiyachanganya malimba na mitambo ya kisasa. Mwaka 2024 Pendo Zawose, binti wa marehemu, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa albamu iitwayo Maisha kupitia Real World, kampuni ileile iliyotoa Chibite miaka 28 nyuma.

Habari ya akina mama hao ina uzito wake. Katika desturi ya Kigogo ngoma ya muheme ni ya wanawake, ila kushika zeze na ilimba na kuongoza wimbo vilikuwa vya wanaume. Enzi za uhai wa mzee, mabinti wa nyumba hiyo waliimba kiitikio nyuma. Sasa mistari ile ya chini imo mikononi mwao, na dunia imewasikia wakiipiga.

Kule Dodoma, Kituo cha Sanaa cha Chamwino kimekuwa kikiandaa tangu mwaka 2009 tamasha la muziki wa Cigogo, ambapo vikundi vya vijijini hukutana kila mwaka. Chuo cha Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, nacho kinaendelea kufundisha.

Kwa upande wa Singida, kazi iliyo mbele haihitaji fedha nyingi. Manyoni ina shule, ina vijana, ina wazee waliocheza muheme na kusikia malimba ya kweli, na rekodi za Zawose leo zinapatikana kwa simu ya mkononi. Mwalimu wa darasa la sanaa anayeweza kuwasikilizisha watoto wa Kintinku wimbo mmoja wa Chibite, kisha akamwalika mzee wa kijiji aeleze kwa nini chuma kile kinavuma, atakuwa amefanya zaidi ya hotuba kumi za kuenzi utamaduni.

Hatari iko katika kusubiri. Ilimba haitengenezwi kiwandani. Hutengenezwa na mtu anayejua ni msumari upi upondwe, utando upi wa buibui ufaa, na noti ya saba ikae wapi. Mtu huyo akiondoka bila mwanafunzi, kinachobaki ni sanduku lenye vyuma, na mtoto atakayelikuta atadhani limeharibika.

Hukwe Zawose aliondoka akiwa na wanafunzi, na huo ndio ushindi wake mkubwa kuliko kumbi zote alizozijaza. Wanaotaka kumkumbuka watasema juu ya sauti, na watakuwa wamesema kweli. Ila mara moja moja wainamishe vichwa karibu na spika, wasikilize kule chini, ambako vidole viwili vya mchungaji wa Kigogo bado vinatembea bila kuchoka.

Mwenyezi Mungu aendelee kuilaza roho yake mahali pema peponi. Amina.